Kamati ikifika gerezani, ianzie zahanati

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Nasema "kidogo" kwa adabu tu. Najua nikishika kalamu siiachi mapema, kwa hiyo mkasi uko mikononi mwako.

Wiki mbili zilizopita mlichapisha barua ya msomaji wa Korogwe aliyedai kwamba nchi ikiwa vitani, Bunge halina kazi ya kuchungulia magereza. Askari yuko mpakani anamwaga damu, akasema, halafu mbunge anakwenda kumhoji bwana jela kwa nini mahabusu kapigwa makofi. Kwake yeye huko ni kumpa adui cha kusema. Barua hiyo ilisomwa kwa sauti barazani kwetu hapa Ngamiani, barabara ya 14, na wengi waliitikia kwa kichwa. Mzee mwenzangu mmoja, fundi baiskeli, akakata shauri: "Vitani hakuna madaftari." Watu wakacheka, kahawa ikazungushwa. Mimi nilinyamaza. Walionizoea walishangaa, maana si kawaida yangu. Nilikuwa na sababu, na nitaifikia.

Kwanza nimkumbushe ndugu yangu wa Korogwe habari ya Hola. Si mbali. Ukitoka hapa Tanga ukavuka Horohoro, ukapita Mombasa, ukapita Malindi, ukafuata Mto Tana kwenda juu, unafika. Leo ni makao ya kaunti ya Tana River. Mwaka 1959 palikuwa na kambi.

Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari tangu Oktoba 1952, kwa ajili ya uasi wa Mau Mau dhidi ya ukoloni. Waingereza hawakupenda kuiita vita, ingawa walileta ndege za mabomu na kuwafungia watu kwa maelfu. Waliobaki kambini mpaka 1959 ni wale walioitwa wakaidi, waliokataa kutubu na kukataa kazi za kambi. Wengi wao hawakuhukumiwa na mahakama yoyote. Waliwekwa ndani kwa amri. Basi ofisa mmoja wa magereza aliyeitwa John Cowan akaandika mpango wa kuwalazimisha wafanye kazi, na mpango ukaidhinishwa na wakubwa wake Nairobi. Nakuomba msomaji uukumbuke mpango huu, kwamba ulikuwa kwenye karatasi na ulipita mezani kwa watu.

Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa zaidi ya 80 walitolewa kambini kwenda kuchimba mfereji wa umwagiliaji. Walikataa. Askari wakawaingilia kwa virungu. Siku ilipokwisha watu walikuwa wamelala kwenye vumbi, na hesabu ya mwisho ya waliokufa ilikuwa 11. Makumi waliumizwa.

Taarifa ya serikali ikasema nini? Kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji.

Hapo naomba nisimame kidogo. Mwaka huo mimi nilikuwa na miaka saba, tukikaa kambi ya mkonge upande wa Muheza, ambako marehemu baba alikuwa karani. Maji ya kunywa kambini kwetu yaliletwa na pipa lililovutwa na trekta, kila asubuhi kabla korona, ile mashine ya kusindika mkonge, haijaanza kunguruma. Habari ya Hola ilipofika, kwa redio na kwa midomo ya madereva, ilifika vile vile ilivyotolewa: watu wamekufa huko Kenya kwa maji ya gari. Mama aliisikia. Kwa muda wa wiki nzima au zaidi hakuturuhusu kugusa maji ya pipa. Alikwenda mtoni na ndoo kichwani, akachemsha, akachuja kwa kanga, na tulikunywa maji yenye harufu ya moshi. Wanawake wengine wakamfuata. Fikiria, Mhariri: uongo ulioandikwa ofisini Nairobi ukamtwisha ndoo mama yangu huku Muheza.

Baba alikuwa na rafiki yake, fundi wa magari mwenyeji wa Nyeri, aliyechukuliwa miaka ya mwanzo ya hali ya hatari na kurudishwa kwao, na hakusikika tena. Kwa hiyo baba hakuamini tangu mwanzo. "Maji gani haya," alisema, "yanachagua wafungwa na kumwacha askari aliyekunywa pipa hilo hilo?" Kweli ilipojulikana, neno hilo likabaki kwetu. Mpaka leo katika ukoo wetu mtoto akivunja kikombe akamsingizia paka, huambiwa: "Hayo maji ya Hola." Wajukuu wanalitumia bila kujua lilikotoka.

Kweli ilijulikanaje? Hapa ndipo ninapotaka msomaji wa Korogwe aniazime sikio. Haikuletwa na jenerali wala na waziri aliyesumbuliwa na dhamiri usiku. Madaktari walichunguza maiti wakakuta majeraha ya kipigo. Kisha hakimu akafanya uchunguzi wa vifo, akaandika kwamba watu walikufa kwa mshtuko na kuvuja damu kutokana na kupigwa. Kumbukumbu za uchunguzi huo zikachapishwa na zikafika mikononi mwa wabunge London. Wakati huo hali ya hatari Kenya ilikuwa bado haijaondolewa. Hakuna aliyesema tungoje kwanza iishe.

Barbara Castle na wenzake wa upinzani waliibana serikali Juni, wakaibana tena Julai. Usiku wa tarehe 27 Julai mjadala ulichelewa mpaka wabunge wengi walikuwa wamekwenda kulala, na saa saba usiku ilikuwa imepita alipoinuka Enoch Powell, mbunge wa chama kilichotawala. Mtu huyu simpendi. Mwaka 1968 alikuja kutoa hotuba ya chuki dhidi ya wahamiaji, na jina lake lilibaki na uchungu kwa watu weusi kule. Lakini usiku ule aliwageukia wakubwa wa chama chake mwenyewe. Alisema lawama haiwezi kuishia kwa mkuu wa kambi wakati mpango uliidhinishwa juu yake, na kwamba Uingereza haiwezi kuwa na kipimo kimoja cha haki nyumbani na kingine Afrika. Aliweza kusema hivyo kwa sababu karatasi alikuwa nazo. Asingekuwa nazo, angesema nini? Angesimulia maji.

Sitaki kuipamba habari hii. Mkuu wa kambi alistaafishwa bila kukatwa kiinua mgongo. Waziri wa Makoloni, Lennox-Boyd, alibaki kitini mpaka uchaguzi wa Oktoba. Hakuna hata askari mmoja aliyefikishwa mahakamani kwa vifo vile. Ilipofika Juni 2013, miaka 54 baadaye, ndipo serikali ya Uingereza ilipotangaza masikitiko yake bungeni na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa katika kambi za wakati ule. Hata hilo lilipatikana baada ya wazee kwenda mahakamani London na majalada yaliyofichwa miaka mingi kufukuliwa.

Kuna watu wawili zaidi wa habari hii ambao siwezi kuwaacha. Mmoja ni J. M. Kariuki, aliyekuwa kizuizini na kutoroshea barua nje ya kambi, nyingine zikifika kwa wabunge wa Uingereza. (Huyu alipouawa Machi 1975 akiwa mbunge, tena katika Kenya huru, Bunge la Kenya liliunda kamati yake lenyewe kuchunguza. Mtu wa barua hadi kaburini.) Wa pili ni mwanamke wa Kiingereza, Eileen Fletcher, mtumishi katika kambi na magereza ya Kenya. Aliacha kazi, akarudi kwao, na mwaka 1956 akaandika aliyoyaona, pamoja na wasichana wadogo waliofungwa Kamiti. Wakubwa walimwita mzushi. Alikuwa mtumishi tu, kama nilivyokuwa mimi. Tofauti yetu ni kwamba yeye alisema.

Najua nitaambiwa hao ni wakoloni, mambo yao yao. Basi tuje nyumbani. Mwaka 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu ya watu waliokufa mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga na Mwanza. Hakumgusa mtu kwa mkono wake. Alisema ofisi ni yake. Alipofariki Februari 2024, redio zilimkumbuka kwa "ruksa" kutwa nzima. Mimi nilikaa nikifikiria ile barua yake ya kujiuzulu. Na mwaka 2013, Operesheni Tokomeza ilipokuwa ikiendeshwa dhidi ya majangili, kwa bunduki na kwa lugha ya vita vile vile, kamati ya Bunge ilikwenda vijijini ikawasikiliza watu waliopigwa na kudhalilishwa. Desemba ile taarifa ikasomwa Dodoma na mawaziri wanne wakaondolewa. Tembo hawakuisha kwa sababu hiyo, wala nchi haikutekwa.

Sasa niseme lililoninyamazisha barazani.

Mwaka 1979 nilikuwa mganga msaidizi katika zahanati ya gereza moja la shamba. Sitalitaja, wala mkoa sitautaja. Waliokuwapo watajua. Vita vya Kagera vilikuwa vimepamba moto, vijana wetu wako Uganda, sabuni hakuna, sukari hakuna, na kila mtu akizungumza anaangalia nyuma. Wiki moja mwezi wa Februari aliletwa mahabusu mmoja, kijana wa miaka kama thelathini, kesi yake vitenge vya magendo. Wenzake walisema tangu alipoingia alikuwa na mdomo: alisema seli nzima ikisikia kwamba Amin hatapigwa kirahisi hivyo. Hilo tu.

Alfajiri ya Ijumaa waliniletea wamembeba kwenye blanketi, wanne, kila mmoja kashika pembe. Nilimlaza ubavu kwa sababu mgongo haukulalika. Sitaeleza zaidi, kwani naamini gazeti hili husomwa mezani. Nilimwekea kipimajoto kwapani, nikamsafisha majeraha kwa ayodini, nikaomba gari la kumpeleka hospitali. Gari lilikuwapo, dizeli haikuwapo. Alikata roho kabla ya saa tatu. Aliniomba maji mara mbili, nikampa.

Afande mmoja akaja, akasimama mlangoni. Hakunikaripia, na hilo ndilo ninalolikumbuka, aliongea kama mtu anayeomba chumvi. "Andika malaria, dokta. Nchi iko vitani." Akangoja hapo hapo. Nikavuta fomu, nikaandika malaria kali.

Fomu aliichukua. Daftari la wagonjwa hakulitazama. Daftari lilikuwa kubwa, jalada gumu la kijani, lina vijisafu vyembamba: namba, jina, umri, joto, mapigo, dawa. Katika safu ya joto niliandika 36.7. Halafu nikaikoleza ile 7 kwa wino mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Katika leja ya dawa, siku hiyo hiyo, nilitoa ayodini na pamba. Klorokwini, dawa ya malaria ya siku zile, sikutoa hata kidonge kimoja. Kwa mtu asiyejua haya ni takataka za karani. Kwa anayejua kusoma, ni mgonjwa wa malaria kali asiye na homa, aliyetibiwa kwa pamba. Niliiacha kweli pale, imelala kwenye vijisafu, nikajiambia ipo siku atakuja mtu wa kuisoma.

Siku ya pili akaja mjomba wa marehemu, na baiskeli, amefunga mkeka mpya nyuma. Akanisalimia kwa upole, na mimi nikaitikia nikiangalia ule mkeka.

"Mwanangu dokta, homa ilimwanza lini?"

"Usiku wa kuamkia jana, mzee wangu."

"Jumatano nilimletea chakula. Alikula akamaliza. Hakuwa na homa."

"Huja ghafla, mzee."

Alinitazama kwa muda. "Haya," akasema, "Mungu akujaze." Akafungua kamba ya baiskeli.

Huo ndio ukimya wangu wa barazani, Mhariri. Fundi baiskeli aliposema vitani hakuna madaftari, nilitaka kumwambia yapo, niliyaandika mimi. Kinachokosekana ni msomaji.

Katika miaka yangu ya kazi niliwaona wageni wa kila namna wakifika magerezani, wakiwamo waheshimiwa. Ujio wao haukuwa siri. Siku tatu kabla kuta zinapakwa chokaa, nyapara anagawa sare zilizokuwa stoo, wagonjwa wabaya wanahamishwa, na mboga inakuwa na mafuta. Siku yenyewe mkuu wa gereza anasoma risala yenye idadi ya magunia ya mahindi. Wageni wanapita seli moja iliyofagiliwa, wanamuuliza mfungwa aliyechaguliwa kama ana tatizo, anasema hana. Zahanati huwa mwisho. Wanachungulia dirishani, wanasema "hongera dokta", wanakwenda kunywa chai. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia: hebu lete daftari.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, na silitoi kwa Magereza, nalitoa kwa wabunge wetu, hasa wa kamati inayoshughulikia ulinzi na usalama. Mkiingia gerezani, iwe amani au vita, msianzie ofisini kwa mkuu. Anzieni zahanati, tena bila taarifa. Chukueni daftari la wagonjwa na leja ya dawa, muwe na tabibu wenu wa nje, msome vitu hivyo viwili kwa pamoja, tarehe kwa tarehe. Aliyekufa kwa kuhara, je, alipewa maji ya chumvi na sukari? Aliyekufa kwa kifua, alipewa sindano gani, na ilitoka stoo siku gani? Halafu ndipo mwende kwa mkuu mkamuulize. Tunayo Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980, na kifo cha mtu aliye kizuizini ni katika vifo inavyotaka vichunguzwe. Taarifa za uchunguzi huo zipelekwe mezani kwa kamati, zisiishie kabatini. Karatasi za Hola zingebaki kabatini, tungekuwa tunafundisha watoto mpaka leo kuogopa mapipa ya maji.

Na yule kijana anayefanya kazi leo kwenye zahanati ya gereza, mwenye kalamu niliyokuwa nayo mimi, naye apewe mahali pa kupeleka anachokijua bila kupita kwa afande wake. Mimi sikuwa napo. Au nilikuwa napo sikupatafuta. Nikiwa peke yangu usiku huwa sina hakika.

Msomaji wa Korogwe ataniuliza: je, tungefanya hivyo Februari 1979, tungeshindwa vita? Nimelifikiria swali hilo kwa miaka mingi kuliko yeye. Kampala iliangukia mikononi mwetu tarehe 11 Aprili. Sijaona mahali ambapo kifo cha yule kijana kilisogeza askari wetu hata hatua moja. Mjomba wake alikuwa na mtoto wake wa kumzaa jeshini, niliambiwa baadaye. Yeye, kwa jinsi ninavyoona, alikuwa na haki kuliko mtu yeyote ya kupewa jibu la kweli wiki ile ile, vita ikiendelea.

Sijui kama lile daftari bado lipo. Huenda mchwa wamelimaliza, huenda liko stoo chini ya magunia. Kama lipo, ni la jalada la kijani, nusu ya kwanza ya Februari 1979, siku ya Ijumaa, mwandiko unaolalia kushoto. Nina umri wa miaka zaidi ya sabini na presha inanisumbua, lakini basi la alfajiri la Dodoma bado nalipanda, na nauli nitajilipia. Kamati ikiniita, naomba nisiulizwe kwanza habari za vita. Naomba niulizwe joto lilikuwa ngapi.

Mganga msaidizi mstaafu,
Ngamiani, Tanga.
(Jina na anwani vimehifadhiwa kwa Mhariri.)